Habari ni Amana: Askari Aliye Ng'ambo na Watu Wake wa Nyumbani

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Kurani Tukufu tuzirudishe amana kwa wenyewe. Watu wengi wasikiapo neno amana hufikiri fedha iliyowekwa kwa jirani, au shamba la yatima lililo mikononi mwa msimamizi. Hayo ni kweli, lakini ziko amana zisizoshikika kwa mkono, na mojawapo ni habari. Mtu ajuaye jambo limhusulo mwenzake amebeba mali ya mwenzake. Akiipeleka panapostahili amerudisha amana. Akiipeleka pasipostahili, au akiizuia kwa mwenyewe, amehini.

Ndugu msomaji, nataka tulipime neno hili katika hali iliyo ngumu kuliko nyingi, yaani hali ya askari aliyepelekwa nchi ya mbali, anayejua kwamba mapigano yamekaribia, na ambaye mama yake, mkewe na watoto wake wanangoja kusikia sauti yake. Aseme nini? Awaambie yote ayajuayo, wakose usingizi? Au awafiche yote, waishi kwa raha ya uongo? Sizungumzii hapa vita ipi ni ya haki na ipi ni ya dhuluma, maana hilo ni somo jingine. Swali letu ni dogo, nalo huingia katika nyumba nyingi: je, ukweli na huruma vyaweza kukaa katika ulimi mmoja?

MFANO ULIO KARIBU NASI

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kisiwa cha Pemba kimetengwa na bara kwa mlango wa bahari wenye upana wa kilomita zipatazo 50. Kijana wa Wete, wa Chake Chake au wa Mkoani aingiaye jeshini huanza utumishi wake kwa kuvuka maji, na mama yake huzoea tangu siku ile kuitazama bahari kwa jicho jingine. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na vijana wa visiwani wamo ndani yake pamoja na ndugu zao wa bara. Vita ya Kagera ilipozuka mwisho wa Oktoba 1978, familia za bara na za visiwani zilikuwa zikingoja habari kwa redio na kwa barua, mpaka vita ilipokwisha katikati ya mwaka 1979. Baadhi ya askari wale hawakurudi makwao. Wamelala Kaboya, mkoani Kagera, mbali sana na mikarafuu ya Pemba.

Zama zetu zimeleta safari za mbali zaidi. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi maalumu ya kuingilia kati huko mashariki ya Kongo. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kwa kawaida walinzi wa amani husimama katikati ya wagombanao, lakini hawa walipewa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha. Askari aliyekwenda alijua kwamba haendi kulinda lango tu. Ikapita miezi kati ya kuwasili kwao na mapigano makali dhidi ya kundi la M23, yaliyokwisha Novemba 2013. Miezi hiyo ndiyo ninayoifikiria: askari yumo kambini, silaha yake imesafishwa, simu yake imo mfukoni, na nyumbani wanauliza habari.

Na tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ya askari wa Tanzania karibu na mto Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilishambuliwa kwa muda wa saa nyingi. Askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa na wengine wengi walijeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alilitaja shambulio hilo kuwa baya kuliko yote yaliyowapata walinzi wa amani katika miaka ya karibuni. Miili ilirudishwa Dar es Salaam, na baadhi yake ikavushwa bahari mpaka Zanzibar kwa maziko. Tuwaombee wote rehema, na jamaa zao subira.

Kurani Tukufu inatufundisha mwishoni mwa Sura Luqman kwamba hakuna nafsi ijuayo itakufa katika nchi gani. Askari hukumbushwa fundisho hili kila aangaliapo silaha yake. Ndiyo sababu mazungumzo yake na watu wa nyumbani si porojo za kupitisha wakati. Kila mazungumzo yaweza kuwa ya mwisho.

JE, "NJEMA" NI UONGO?

Waswahili tuna desturi inayowashangaza wageni. Mtu akiulizwa habari za kwao hujibu kwanza, "Njema." Hata kama ana mgonjwa ndani, hata kama amekuja kutoa taarifa ya msiba, neno la kwanza ni njema, kisha hufuata "lakini", na baada ya "lakini" ndipo habari yenyewe huingia. Hujambo hujibiwa sijambo, ijapokuwa mjibuji amelala kitandani.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijifunza lugha yetu aliwahi kuniuliza kama huu si uongo uliohalalishwa na kabila zima. Nikamjibu kwamba neno lile la kwanza halitoi taarifa. Ni shukrani kwa Mwenyezi Mungu na ni dua njema kwa aulizaye, na wote wawili wanalijua hivyo. Hakuna anayedanganyika kwa jambo ambalo pande zote zinaelewa maana yake. Uongo ungekuwapo kama "lakini" ingefichwa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya askari wetu. Simu inalia Pemba. Mama anauliza, "Mwanangu, hujambo? Kwema huko?" Naye anajibu, "Sijambo mama, kwema." Mpaka hapo hajakosa. Lakini mama hakuridhika na salamu, anauliza tena: "Nasikia redioni kuna vita. Nawe umo?" Sasa ameulizwa swali la kweli, na salamu haitoshi tena. Akisema, "La, mama, mimi niko mjini, napika chakula cha wenzangu," hali ya kuwa kesho alfajiri anakwenda mbele, amevuka mpaka.

HABARI ZA JESHI NI ZA WENZAKE

Basi afanyeje? Na arudi kwenye kanuni tuliyoanza nayo, ajiulize: habari hii ni ya nani?

Mahali kikosi kilipo, saa ya kuondoka, idadi ya watu, njia watakayopita: hizi si mali yake. Ni mali ya wenzake, kwani uhai wao umefungwa ndani yake. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, inawalaumu watu ambao likiwajia jambo la amani au la hofu hulitangaza, na inafundisha kwamba lingepelekwa kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wale wawezao kupima undani wake. Mafundisho haya yalikuja zamani, kabla hapajakuwa na simu wala picha za kutumwa kwa kufumba na kufumbua. Leo picha moja ya askari mbele ya hema lake, iliyotumwa kwa mapenzi tu ili mke aione, yaweza kumwonyesha adui mlima ulio nyuma ya hema.

Mama hana haki ya habari hizo, na mwana hana ruhusa ya kuzitoa. Lakini kutozitoa hakumlazimishi kusema uongo. Aweza kusema, "Mama, hilo sina ruhusa ya kulisema. Niombee." Maneno haya machache ni ya kweli, yanamheshimu mama, na hayamfundishi adui lo lote. Unyamavu uliotangazwa si udanganyifu. Mlango uliofungwa mbele ya macho ya watu haumdanganyi mtu. Adanganyaye ni achoraye mlango ukutani.

Mtu atasema, "Mama atajua kwamba kuna hatari." Ndiyo, atajua. Naye amekwisha kujua tangu mwanawe alipovaa sare. Tusiwadhanie mama zetu kuwa watoto. Mama asiyeambiwa neno huomba dua kwa kubahatisha, naye aliyeambiwa "niombee" huamka usiku kwa sala ya tahajudi akijua anachokiomba.

HABARI ZA NYUMBA NI ZA NYUMBA

Upande wa pili wa kanuni hii husahauliwa zaidi. Ziko habari ambazo askari ndiye pekee azijuaye, lakini si zake. Deni alilokopa kwa mwenye duka kabla ya kuondoka. Fedha za mwenzake alizowekewa. Shamba alilonunua bila hati. Ahadi ya mahari aliyobakiza kwa mkewe. Mtoto aliye mahali pengine, ambaye watu wa nyumbani hawamjui. Hizi ni habari za nyumba, na kuzificha siku za kabla ya mapigano ni kuzika haki za watu.

Mtume wetu s.a.w. alifundisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala hata siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Kama hivyo ndivyo kwa mtu aliye salama kitandani kwake, je, yule alalaye na bunduki pembeni? Tena alisema kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Tutafakari neno hili. Damu iliyomwagika katika njia ya Mungu husafisha dhambi, lakini haiifuti haki ya mwenye duka. Na Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, imeeleza kwa urefu namna ya kuandika madeni na kuyashuhudisha, ili asidhulumiwe mkopaji wala mkopeshaji.

Kwa hiyo mazungumzo mema ya kabla ya vita yana mambo makavu ndani yake: majina, kiasi, tarehe, mahali karatasi ilipowekwa. Wengine huona haya kumweleza mke mambo haya, wakidhani kwamba watamtisha. Lakini mjane huanza eda ya miezi minne na siku kumi, na warithi hugawiwa mafungu yao, kwa kufuata mambo yaliyo wazi. Nyumba isiyojua mambo ya bwana wake huongezewa ugomvi juu ya msiba. Mapenzi ya kweli ni kumwachia mke daftari lililo sawa, hata kama machozi yatamtoka anapolisoma.

PINGAMIZI

Huenda mwenye elimu akanipinga kwa hadithi inayojulikana, isemayo kwamba si mwongo apatanishaye watu, na ambayo imetajwa pamoja nayo vita, na maneno ya mume kwa mkewe na mke kwa mumewe. Atasema, "Hapa mna vita na mna mke, basi askari ana ruhusa mara mbili."

Jawabu ni kwamba wanavyuoni wamelijadili jambo hili tangu zamani. Wako waliosema kwamba kilichoruhusiwa ni maneno yenye pande mbili, na maneno ya kupendezesha na kupatanisha, wala si uongo mtupu. Na hata walioifanya ruhusa kuwa pana hawakuruhusu hila ya kula haki ya mwenzio. Mume akimwambia mkewe kwamba katika nchi zote alizopita hajaona mzuri kama yeye, hakuna kadhi atakayemwita. Akimwambia kwamba hana deni, naye analo, amemdhulumu.

Kisha tukumbuke ndoa yenyewe ilivyofungwa. Miongoni mwa aya zisomwazo katika hotuba ya nikaha ni ile ya Sura Al-Ahzab iwaamuruyo waaminio wamche Mungu na waseme kauli iliyo nyoofu. Kauli nyoofu ni zaidi ya kutosema uongo. Ni neno lisilo na kona ndani yake. Mume na mke waliunganishwa kwa amri hiyo siku ya furaha. Haiondoki siku ya hofu.

BARUA ISIYOHARIBIKA KWA KUCHELEWA

Wazee wetu walijaribiwa katika jambo hili kabla yetu. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Afrika Mashariki, pamoja na wale wa King's African Rifles, walivushwa Bahari ya Hindi kwenda Ceylon, kisiwa kiitwacho leo Sri Lanka. Walikaa huko wakifanya mazoezi, kisha mwaka 1944 wakaingizwa Burma kupigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, wakati wa masika na matope. Wengi hawakujua kuandika, wakaandikiwa na wenzao. Nyumbani nako wake na wazee wengi hawakujua kusoma, wakasomewa na mwalimu au karani. Na katikati walikaa wakaguzi wa jeshi waliofungua barua na kufuta kila lililotaja mahali. Siri ya mume na mke ilipita katika macho ya watu watatu au wanne, nayo ikachukua wiki nyingi njiani.

Na bahari haikuwa salama. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama katika dakika chache. Watu wapatao 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Neno la mwisho ambalo jamaa zao walikuwa nalo ni lile lililosemwa au kuandikwa kabla ya kupanda meli.

Hali hiyo yaweza kutufundisha kipimo kizuri. Mtu ajuaye kwamba barua yake yaweza kusomwa baada ya kufa kwake hutafuta maneno yasiyoharibika kwa kuchelewa. "Nitarudi mwezi ujao" huharibika. "Mimi salama kabisa, msihofu" huharibika, tena huuma yanaposomwa mwezi wa pili. Lakini "nimekusameheni, nami nisameheni," "deni la fulani lipeni," "watoto wasiache kusoma," "nawapenda, na nimewaweka mikononi mwa Mungu": haya ni kweli askari akirudi, na ni kweli asiporudi. Leo simu hufikisha sauti mara moja, nasi tumeipoteza adabu hiyo, kwani tunadhani tutapiga tena kesho. Askari na azungumze kwa simu kama aandikaye barua ya Burma.

HAKI JUU YA WAKUBWA

Haifai mzigo wote huu tumtwishe askari peke yake. Imepokewa kwamba Seyidna Umar r.a., katika ukhalifa wake, alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke akilalamika kwa upweke kwa sababu mumewe yuko jeshini. Hakumkemea. Alikwenda kumwuliza binti yake, Bibi Hafsa r.a., mwanamke aweza kustahimili muda gani bila mumewe. Akajibiwa miezi minne, na katika mapokezi mengine miezi sita. Basi akaamuru kwamba askari wasizuiwe vitani kupita muda huo.

Mtawala yule mkubwa aliona kwamba kilio cha mwanamke mmoja nyuma ya ukuta ni habari ya dola, wala si siri ya chumbani tu. Wanaopanga zamu za askari wa leo, ambazo mara nyingi hufika mwaka, wangefaa kulikumbuka hilo. Na kama muda hauwezi kupunguzwa, basi mawasiliano yafanywe haki ya askari, yasiwe hisani.

WAJIBU WA WALIOBAKI

Nao watu wa nyumbani wana amana yao. Wasimshurutishe askari aseme asiloruhusiwa. Wasimpelekee kila ugomvi wa jirani na kila upungufu wa sukari, kwani aliye mbele ya adui anahitaji moyo wake wote.

Lakini je, wamfiche na makubwa? Tuseme mama wa askari amefariki Pemba siku ambayo mwanawe anajiandaa kwa mapigano. Wengi watasema, "Tusimwambie, atachanganyikiwa." Turudi kwenye kanuni: habari ya kifo cha mama ni ya nani? Ni ya mwanawe. Waliobaki ni wachukuzi tu. Mchukuzi aweza kungoja mvua ipite ili mzigo usilowe, na hivyo inajuzu kungoja siku chache, au kumpitishia mkubwa wake wa kikosi ajuaye saa inayofaa. Lakini mchukuzi hawezi kuufanya mzigo kuwa wake. Akipiga simu na kuuliza, "Mama yuko wapi, mbona simsikii?" asijibiwe, "Amelala." Ajibiwe neno la kweli, kwa upole, na aliye na hekima kuliko wote nyumbani ndiye ampe. Mwana aliyedanganywa kwa miezi sita huzika mara mbili: humzika mama, na huzika imani yake kwa ndugu zake.

Na inapokuja habari nzito kuliko zote, kwamba askari mwenyewe ameuawa, tunao mfano ulio bora. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Seyidna Jafar bin Abi Talib r.a. aliuawa katika vita vya Muta, mbali sana na Madina. Mtume s.a.w. hakuiacha habari imfikie mkewe kwa midomo ya wapita njia. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bibi Asmaa binti Umais r.a., akaomba aletewe watoto, akawakumbatia, na macho yake yakatoka machozi. Bibi Asmaa akaelewa, akauliza, naye akamwambia kweli. Kisha akaamuru watu wa nyumba ya Jafar wapikiwe chakula, kwa sababu limewafika la kuwashughulisha.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yote yalivyokutana hapo. Ukweli haukufichwa hata kwa saa moja, na huruma haikupungua hata kidogo. Aliyebeba habari aliibeba kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa mwenyewe. Anayekimbilia kuwatumia watu picha ya maiti kwa simu kabla mjane hajajua, amempora mjane yule amana yake, na machozi ya wageni ameyatanguliza mbele ya machozi yake.

Basi jawabu la swali letu ni kwamba ukweli na huruma hukaa katika ulimi mmoja pale ulimi unapomjua mwenye habari. Ya wenzako yafunge, useme wazi kwamba umeyafunga. Ya watu wako wape yote, hata yakiwa machungu. Yaliyo ya ghaibu mwachie Mwenyezi Mungu, kwani ni yake peke yake.

Mwenyezi Mungu awalinde walio mbali na makwao, awape wanaowangoja nyoyo zenye utulivu, na atujaalie sote kuwa watu wa kauli nyoofu, katika amani na katika hofu. Amin.